Maputo ya Upepo Ndani ya Springi za Nyuma za Noah: Tathmini ya Air Lift 1000

Pakia Toyota Noah watu wanane, weka mabegi na gunia la mchele nyuma ya kiti cha mwisho, halafu simama pembeni ulitazame gari. Nyuma limechuchumaa, taa za mbele zinamulika vilele vya miti, na tuta la kwanza litakwaruza ekzosi. Shusha mzigo, gari linarudi lilivyokuwa. Springi hazijachoka, ni laini tu, maana zilitengenezwa kwa familia na barabara za lami za Japani.

Kwa tatizo hilo, maputo ya aina ya Air Lift 1000 ndiyo njia ya bei nafuu ya kuongeza na kupunguza kimo. Kwa anayetaka Noah tupu isimame juu kama Prado, ni pesa ya kutupa, na sababu zake zitaonekana huko chini.

Seti yenyewe ni maputo mawili ya poliyurithani yanayoingia ndani ya springi za nyuma, moja kila upande. Yanakuja na mpira mwembamba wa upepo, valvu za kujazia zinazofanana na za tairi, visahani vya plastiki vya kukinga puto juu na chini, klipu, na kipande cha bati cha kuzuia joto la ekzosi. Hakuna kompresa, hakuna nyaya, hakuna kompyuta. Kampuni iko Lansing, Michigan, na bidhaa hii ina udhamini wa maisha kwa mnunuzi, ingawa udhamini huo una maana ndogo ukiwa Mbeya na duka liko Marekani. Presha ya chini kabisa ni psi 5, ya juu ni psi 35, na jozi nzima inasaidia kubeba hadi ratili 1000, yaani kilo 450 hivi. Kule Marekani bei huwa kati ya dola 100 na 200 kutegemea saizi. Ongeza usafiri na ushuru. Firestone nao wanayo ya aina hiyohiyo, Coil-Rite, na karibu kila kitu kinachosemwa hapa kinaihusu nayo.

Hesabu ya kilo hizo si siri. Puto lenye kipenyo cha sentimita 10 lina eneo la sentimita za mraba 78 na nusu. Kwa psi 35, kila sentimita ya mraba inasukumwa na kilo 2.46, kwa hiyo puto moja linainua kilo 190 na ushee. Kwa psi 20 ni kilo 110, kwa psi 10 ni kilo 55, na kwa psi 5 ni kama kilo 27 tu. Sasa chukua mfano wa springi inayoshuka milimita moja kwa kila kilo 3: psi 20 zinakurudishia karibu milimita 37. Ndiyo maana puto jembamba la sentimita 8 halifai kwenye springi pana hata kama linaingia vizuri. Eneo lake halifiki hata theluthi mbili ya lile la sentimita 10, na nguvu inapungua hivyohivyo.

Isieleweke vibaya: uwezo wa gari kubeba haujaongezeka hata kilo moja. Ekseli, beringi, breki na tairi ni zilezile. Puto linarudisha kimo, basi.

Kwa nini usiweke spesa tu? Spesa za aluminiamu au raba ngumu za kuweka juu ya springi ni rahisi kupatikana Nairobi na Dar, na zinafanya kazi yake: zinainua milimita 25 au 40 na kubaki hapohapo. Lakini springi inabaki na ulaini uleule. Ukipakia, gari linashuka sentimita zilezile, tofauti ni kwamba limeanzia juu zaidi. Zile raba za kubana katikati ya mizunguko ya springi ndizo mbaya kuliko zote. Zinafunga mzunguko mmoja usifanye kazi, mizunguko iliyobaki inapinda zaidi ya kawaida, na siku moja springi inakatika pale pale raba iliposhikilia. Springi ngumu zaidi ni jibu zuri kwa gari linalobeba mzigo kila siku, ila likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi. Koilova, yaani springi na shokapu vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, zenye nyuzi za kupandisha na kushusha ni bei nyingine kabisa, na kila ukitaka kubadili kimo unaingia uvunguni na spana. Puto ndilo pekee unaloliongeza asubuhi kabla ya safari na kulipunguza jioni, ukiwa umechuchumaa nyuma ya bampa na pampu ya baiskeli.

Kupima kabla ya kuagiza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Noah haikuuzwa Marekani, kwa hiyo hutalikuta jina lake kwenye orodha ya magari ya kampuni. Unatafuta seti isiyo ya gari maalumu, na unaichagua kwa vipimo. Kwanza hakikisha springi ya nyuma imekaa peke yake, mbali na shokapu. Kwenye Noah ya magurudumu mawili ya mbele, modeli ya AZR60 na hata ZRR70, nyuma kuna bimu moja, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma, springi pembeni na shokapu pembeni. Hiyo inafaa. Gari ambalo shokapu inapita katikati ya springi halina nafasi ya puto, usihangaike. Uzuri mwingine wa bimu ni kwamba kimo kikipanda, magurudumu ya nyuma hayalali ndani wala nje kama yanavyofanya kwenye mikono ya kujitegemea, kwa hiyo tairi haliliki upande.

Pima kipenyo cha ndani cha springi pale palipo pembamba zaidi. Springi nyingi za Toyota hupungua upana juu au chini, na ni huko kwenye wembamba puto linakojisugua. Puto likiwa halina upepo linatakiwa lipite bila kulazimishwa. Likijaa liguse kuta za springi kidogo tu. Kisha pima urefu kutoka kikalio cha chini, pale springi inapokalia, hadi kikalio cha juu gari likiwa chini, tupu, kwenye sakafu tambarare. Usipime gari likiwa kwenye jeki, springi imenyooka pale na utaagiza puto refu kupita kiasi. Puto refu hujikunja, na pale lilipojikunja ndipo litakapotoboka.

Chungulia pia ilipo stopa, ile raba nene inayozuia bimu isigonge bodi. Ikiwa imening'inia ndani ya springi, itakula nafasi ya puto, na kwenye magari mengine maelekezo husema ikatwe au itolewe. Ukiitoa, kumbuka kuanzia siku hiyo puto ndiyo stopa yako. Kutembea na puto tupu ni kulisaga kati ya vyuma viwili. Kama unaweza kupata puto fupi litakalokaa chini ya stopa bila kuikata, chukua hilo.

Kufunga

Fundi aliyezoea uvungu wa Noah anahitaji saa mbili, kama boliti hazijashikwa na kutu. Legeza nati za magurudumu, inua nyuma, weka stendi mbili chini ya bodi, kwenye sehemu za kuinulia, kamwe si chini ya bimu. Bimu inatakiwa ishuke. Weka jeki katikati yake iishikilie, fungua boliti za chini za shokapu pande zote mbili, kisha shusha jeki taratibu mpaka springi ilegee. Macho yawe kwenye hozi za breki, nyaya za ABS na kebo za breki ya mkono. Hozi ikianza kukaza, simama hapo ulipo na ufungue kwanza kishikizo chake. Fundi anayevuta bimu kwa mguu ili springi itoke haraka ndiye atakayekuuzia hozi ya breki wiki ijayo.

Puto linaingia likiwa halina upepo kabisa. Likamue, likunje kwa urefu kama unavyokunja chapati, ziba mdomo wake ili lisivute hewa, kisha lisukume kati ya mizunguko au kupitia mdomo wa springi. Likiwa gumu, litumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, linalainika. Kaa mbali na bisibisi. Hata mkwaruzo usioonekana vizuri hugeuka ufa baada ya miezi kadhaa ya kupanuka na kusinyaa. Kabla ya kulirudisha springini, pitisha kidole kwenye ncha ya waya wa springi. Kama ina makali, ipige tupa, weka rangi, na hapo ndipo kisahani cha plastiki kinapokaa. Watu wengi hukiona kama takataka ya boksi. Bila kisahani, ncha ile inakata puto kama kisu cha mkate.

Mpira wa upepo unahitaji tundu la kutokea kwenye kikalio cha springi. Mara nyingi tundu lipo, la kutolea maji. Kama halipo, toboa, sugua kingo zote hadi ziwe laini, paka rangi ya kuzuia kutu.

Unaporudisha shokapu, usikaze boliti zake bimu ikiwa imening'inia. Zivishe tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Bushi ikikazwa ikiwa imening'inia, inakuwa imejipinda muda wote gari likiwa barabarani, na mpira wake unachanika mapema. Mwenye gari husema maputo yameua shokapu, kumbe aliyeziua ni fundi na spana yake.

Mpira wa upepo na valvu

Asilimia kubwa ya malalamiko kuhusu maputo haya ni ya mipira na viungo, puto lenyewe halina kosa. Kata mpira kwa wembe, ukiwa mraba. Ukikata kwa koleo, mdomo unabonyea na kuwa wa yai, hauzibi kwenye kiungo, na upepo unapungua polepole kiasi kwamba unadhani puto limetoboka. Pitisha mpira angalau sentimita 15 mbali na bomba la moshi. Pasipowezekana, funga lile bati la kuzuia joto kwenye bomba. Ufunge kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya kila baada ya futi moja hivi, bila kuubana hadi ubonyee, na uache ulegevu karibu na bimu kwa sababu bimu inapanda na kushuka.

Seti inakuja na kiungo cha T ili ujaze maputo yote mawili kutoka valvu moja. Kiache kwenye boksi. Ukikitumia, upepo unatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiingia kona upande wa nje unabanwa, upepo wake unakimbilia upande wa ndani, na gari linalala zaidi kuliko lilivyokuwa kabla ya maputo. Noah ni ndefu kwenda juu, halihitaji msaada wa kulala. Weka valvu mbili, mpira mmoja kila upande. Faida ya pili ni kwamba upande mmoja ukivuja, mwingine unabaki. Ya tatu, mzigo ukikaa upande mmoja, unaongeza upepo huko tu.

Tundu la valvu ni milimita 8. Pembeni mwa namba ya gari au chini ya bampa panafaa, lakini pawe mahali ambapo gurudumu halirushi matope moja kwa moja. Vifuniko vya valvu visipotee. Vumbi likiingia kwenye sindano ya valvu, upepo unatoka usiku kucha.

Jaza psi 10 kabla ya kushusha gari, kisha ukishalishusha jaza hadi 30, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, tazama mapovu. Ukimaliza punguza hadi presha utakayotumia, andika, pima tena baada ya saa 24. Kupungua psi 2 hadi 4 mara ya kwanza ni kawaida, maana mipira imetanuka. Zaidi ya 5, rudi na sabuni.

Presha gani?

Usiulize mtu wa Noah nyingine, pima la kwako. Gari likiwa tupu, puto likiwa na psi 5, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika namba hiyo, tuseme ni sentimita 40. Pakia mzigo wa safari na watu wake. Pima tena, pengine ni 34. Jaza psi 5 kwa mara moja, kila upande, ukipima, mpaka ufike sentimita 39. Acha hiyo sentimita moja ya mwisho. Nyuma ikiinuka kupita ilivyokuwa tupu, pembe ya magurudumu ya mbele inabadilika na usukani unakuwa mwepesi kugeuka kuliko unavyotaka ukiwa kilometa 100 kwa saa. Ukifika psi 35 na gari bado limechuchumaa, umezidisha mzigo. Punguza gunia.

Puto hili linachukua lita moja na nusu hivi za hewa. Tairi la 195/65 R15 linachukua karibu mara ishirini ya hapo. Maana yake ni mbili. Kwanza, kompresa ya gereji ya tairi inaweza kulipeleka psi 60 kabla kijana hajatoa mkono, na hapo mshono unaachia. Jaza kwa pampu ya mkono au ile ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Pili, kila unapochomeka geji unapoteza psi 1 au 2. Anayepima mara tano kwa wiki ataapa kwamba puto linavuja, na kila anapolipima analithibitisha.

Mzigo ukishashuka, rudi psi 5. Hili ndilo watu wanalipuuza kwa sababu gari linapendeza likiwa juu. Noah tupu yenye psi 30 inasimama shokapu zikiwa karibu na mwisho wa kunyooka. Tairi likiingia shimoni, shokapu haina pa kwenda, inafika mwisho na kugonga chuma kwa chuma, ule mlio wa "ko!" nyuma ya kiti cha mwisho. Baada ya muda sili zinaachia mafuta. Na usiinue gari kwa jeki ya bodi maputo yakiwa yamejaa, punguza hadi 5 kwanza. Springi inaponyooka, puto lililojaa linavutika na kuchomoka nje ya kikalio.

Mambo mawili ya usalama. Magari mengi ya mizigo yana valvu ya breki za nyuma yenye kijiti kilichofungwa kwenye ekseli, inayosoma mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukiinua nyuma kwa puto huku gari limejaa, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma wakati unazihitaji zaidi. Chungulia kabla ya kununua, na ukiikuta, kijiti kirekebishwe na anayejua breki, la sivyo achana na maputo. La pili ni taa. Zenye xenon zinazojirekebisha zinasoma kimo cha nyuma, zitafuata. Taa za kawaida zilengwe upya mbele ya ukuta gari likiwa na mzigo na presha yake.

Kwa barabara za vumbi, adui ni mawe madogo yanayokwama kati ya puto na springi. Kila unapoosha gari, elekeza maji ndani ya springi mpaka yatoke masafi. Matope yaliyokauka yakasugua wiki baada ya wiki hufanya kazi ya msasa.

Nakala zisizo na jina ziko sokoni kwa nusu ya bei au chini. Nyingine zinafaa. Angalia mshono wa shina la valvu pale linapoingia kwenye puto, maana ndipo zinapofia. Lijaze psi 20 nje ya gari, lizamishe kwenye ndoo usiku kucha. Likivuja kwenye ndoo, limekuokoa kufungua uvungu mara mbili. Kama halina visahani vya kukinga, kata viwili kutoka kwenye ubavu wa ndoo nene ya plastiki.

Puto likipasuka njiani, gari halikwami. Springi ya kiwandani bado ipo na inabeba, gari litachuchumaa kama zamani, utapunguza mwendo na kufika. Ndiyo tofauti kubwa na mifumo inayotegemea upepo peke yake, kama ile ya nyuma ya baadhi ya Prado 120, ambako puto likifa gari linakaa chini kabisa. Ila kama uliitoa stopa, shusha mzigo kwanza. Weka kwenye droo mita mbili za mpira wa ziada, viungo viwili na wembe. Kwa uvujaji wa njiani hivyo vinatosha, na puto lenyewe lisubiri gereji.